Ramani Haipaki Chokaa

Mji wa Zanzibar umechorwa sana. Mwaka 1923 Henry Vaughan Lanchester, Mwingereza aliyekwisha kushauri miji ya India, aliuandikia kitabu kizima akieleza namna mji wa nchi ya joto unavyopaswa kupangwa. Mwaka 1958 ukafuata mpango wa Henry Kendall, ambaye kabla ya hapo alikuwa mpangaji mkuu wa Palestina chini ya utawala wa Waingereza. Mwaka 1968, miaka minne baada ya Mapinduzi, Hubert Scholz wa Ujerumani Mashariki akakabidhi wake. Mwaka 1982 Wachina wakakabidhi wao. Mwaka 1994 ukaja mpango wa Mji Mkongwe peke yake, ulioongozwa na Francesco Siravo kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan inayoshughulikia utamaduni. Na katika muongo uliopita idara ya mipango miji ya Zanzibar ilishika kalamu yenyewe.

Kwa ramani zote hizo, mtu angetegemea mji ulionyooka. Basi panda daladala Darajani, pita Michenzani na Amani, fika Mwanakwerekwe, endelea hadi Fuoni, kisha teremka uingie ndani kwa miguu. Barabara inageuka kichochoro, kichochoro kinaishia mlangoni kwa mtu, na siku nyumba ikishika moto gari la zimamoto litabaki lami. Hakuna hata mpango mmoja kati ya hiyo uliotaka mambo yawe hivi. Sehemu kubwa ya mji tunaoishi imejengwa nje ya mipango yote, na inazidi kujengwa hivyo hivyo kila wiki, tofali baada ya tofali, kwa fedha za watu wa kawaida.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima. Ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Watu zaidi ya laki tano na nusu wameongezeka ndani ya miaka kumi, kwenye visiwa ambavyo ardhi yake haiongezeki.

Mjadala wetu kuhusu jambo hili huwa na kambi mbili, na zote nimezichoka. Moja inalilia milango ya nakshi na kuta za mawe kana kwamba mji ni makumbusho. Nyingine inaonesha picha za kompyuta za minara ya vioo na kuyaita hayo maendeleo. Zote zinazungumzia sura. Kinachoulinda mji, na kinachouharibu, ni kitu kisichochoreka kwenye ramani: nani ana haki gani juu ya ardhi na nyumba, na kwa haki hiyo anawajibika kutengeneza nini. Mpango usiogusa hapo, hata uwe mzuri vipi, utaishia kabatini.

Nianze na Ng'ambo, kwa sababu ndiko mji uliko.

Zamani mkondo wa bahari ulioingia nchi kavu ulitenga rasi ya nyumba za mawe na upande wa pili. Mkondo ule ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, likabaki jina la Darajani bila daraja. Wapangaji wa kikoloni walipoutazama upande wa pili waliona vibanda vya udongo na makuti visivyo na historia, na kila mmoja alifika na wazo la namna ya kuvipanga mistari. Walichokosa kukiona ni kwamba vibanda vile vilisimama juu ya mapatano. Ardhi kubwa ya Ng'ambo ilikuwa ya matajiri wachache au ya wakfu. Watumwa walioachwa huru baada ya sheria ya 1897, pamoja na wahamiaji kutoka mashamba na bara, walijenga hapo kwa ruhusa. Wengine hawakulipa chochote, wengine walilipa kidogo. Nyumba ilikuwa ya aliyejenga, ardhi ya mwenyewe. Wakfu hasa ulikuwa na maana ya thawabu: mtu anaacha kiwanja ili waja wa Mungu wakae.

Mapatano hayo yalianza kuvunjwa pale ardhi ya mji ilipopata bei na mahakama za kikoloni zikaisoma kama mali ya kukodisha tu. Kodi ya kiwanja ikapanda katika miaka ya 1920. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa. Laura Fair ameieleza vizuri historia hii katika kitabu chake kuhusu starehe na siasa za Zanzibar, na anaonesha kwamba wanawake, ambao wengi wao walikuwa wamiliki wa nyumba, walikuwa mstari wa mbele. Naukumbusha mgomo ule kila ninaposikia kwamba ushiriki wa wananchi katika mipango miji ni jambo jipya lililoletwa na wafadhili. Watu wa Ng'ambo walikwisha kushiriki. Walishiriki kwa kukataa.

Jibu la serikali ya kikoloni, lilipokuja kwa uzito katika miaka ya 1940, lilikuwa jengo. Eric Dutton, katibu mkuu wa serikali wakati ule, alisimamia kujengwa kwa kituo cha jamii pale Raha Leo, chenye ukumbi na sehemu ya kusikilizia redio, ili mkaazi wa Ng'ambo astaarabike na kuridhika. Jina lenyewe lilikuwa ahadi. Januari 1964 jengo hilo hilo likawa makao makuu ya Mapinduzi. Sijui kama kuna tathmini ya mradi iliyo wazi zaidi ya hiyo.

Mzee Karume, rais wa kwanza baada ya Mapinduzi, naye aliamini jengo. Tofauti ni kwamba alitaka liwe la kuishi, na alitaka liwe la mtu aliyekuwa akilala kwenye udongo. Michenzani ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kufuatia fikra za mpango wa Scholz: majumba marefu ya zege yaliyopangwa kandokando ya barabara mbili pana zinazokatana, katikati kabisa ya Ng'ambo, juu ya mitaa iliyobomolewa. Watu walijitolea nguvu zao. Waliobomolewa nyumba walipewa fleti. Kwa kijana aliyekulia nyumba ya fito, kupata bomba la ndani na choo cha kuvuta maji hakukuwa jambo dogo, na wanaoyacheka majumba yale leo kwa kuyaona mabaya mara nyingi hawakuwahi kuchota maji kisimani.

Lakini angalia kilichopotea, na hapa nitakaa kidogo. Nyumba ya Kiswahili ya Ng'ambo ina sehemu tatu. Mbele pana baraza, ambapo mgeni hukaa bila kuingia ndani na mwenye nyumba husikia habari za mtaa bila kutoka. Katikati kuna ukumbi na vyumba pande mbili, vinavyoweza kukaliwa na familia moja au kupangishwa kimoja kimoja mtoto anapooa au fedha zinapopungua. Nyuma kuna ua: jiko, kisima au bomba, kamba za nguo, mpapai, kuku, na mlango wa uani ambao wanawake hupitia kwenda kwa jirani bila kuzunguka barabarani. Nyumba hii ni mashine ya kukua. Mwenye fedha kidogo hujenga chumba uani. Akipata zaidi huondoa makuti akaezeka bati, kisha hubadili udongo kwa tofali. Hahitaji kuhama, wala haombi mkopo wa miaka ishirini.

Fleti ya ghorofa ya nne haina ua. Kinu hakitwangwi juu ya kichwa cha mtu. Harusi inatafutiwa pa kufanyika. Mtoto akioa, ukuta hausogei. Maji yasipopanda, ndoo inapanda kwa mkono. Wakaazi wa Michenzani hawakukaa kimya: waliijaza ardhi iliyo chini ya majumba kwa mabaraza ya saruji, meza za kahawa, vibanda vya chipsi na mishikaki, maduka ya simu. Baraza waliloporwa na mchoro walilirudisha wenyewe, na leo jioni pale chini pana uhai kuliko sehemu nyingi za mji. Kilichoshindikana kurudi ni uwezo wa nyumba kukua pamoja na familia, na nadhani hilo ndilo lililowasukuma watoto wa Michenzani kwenda kutafuta kiwanja mbali.

Wakaenda wapi? Wakaenda kwenye eka tatu.

Baada ya Mapinduzi ardhi yote ilitaifishwa, na kuanzia mwaka 1965 serikali iligawa mashamba ya eka tatu tatu kwa wakulima wasio na ardhi. Aliyepewa alikuwa na haki ya kulima na kurithisha. Kulikata vipande na kuuza haikuwa sehemu ya haki hiyo. Sasa weka shamba hilo pembeni mwa mji unaokua kwa kasi tuliyoiona. Mzee amefariki, ameacha watoto wanane. Minazi imezeeka. Mtu anakuja kutoka mjini na fedha taslimu, anataka hatua ishirini kwa ishirini. Karatasi inaandikwa, sheha anaweka saini kama shahidi, na pande mbili zinapeana mikono. Kisheria hakuna kilichouzwa. Kwa hali halisi mtaa mzima umezaliwa.

Hapa ndipo ramani zote zinapokwama, na sababu yake ni ya hesabu tu. Muuzaji hana kichocheo cha kuacha barabara, maana kila hatua ya barabara ni hatua asiyolipwa. Mnunuzi anajua hana hati, kwa hiyo hujenga haraka na kuujaza uwanja wote, kwani nyumba iliyosimama ndiyo hati yake. Afisa wa ardhi akija na kuzuia, anazuia kitu ambacho kisheria hakipo, kwa hiyo hana hata nafasi ya kusema: sawa, uza, lakini acha njia ya mita sita na mfereji wa maji. Masika yakifika, maji ya Mwanakwerekwe yanatafuta pa kupita, yanakuta kuta za watu. Kisha serikali inakopa kuchimba mitaro mahali ambapo njia ya maji ingeachwa bure kama muuzaji angeruhusiwa kuuza kwa masharti.

Tunapenda kuviita vitongoji hivi holela. Neno hilo linamlaumu aliyejenga. Mimi humwona mtu aliyefuata kwa makini kabisa sheria ya haki alizonazo.

Tugeuke sasa upande wa mawe. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985. Hapa sheria zimejaa: urefu wa nyumba, aina ya dirisha, rangi, kibao cha duka. Na bado nyumba zinaanguka. Kwa nini?

Nyumba ya Mji Mkongwe ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zina unene wa nusu mita na zaidi, na sakafu zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba na virefu. Ukuta wa chokaa hupumua: unanyonya unyevu wa masika na kuutoa kiangazi. Adui wake mkubwa ni maji yaliyokwama, na rafiki wa adui huyo ni saruji. Fundi asiyejua, au anayejua lakini ameambiwa gharama ipungue, hupiga lipu ya saruji juu ya chokaa. Ukuta unang'aa miaka miwili. Ndani, unyevu umezibiwa njia, chumvi inasukuma, na ncha za boriti zilizofukiwa ukutani zinaoza taratibu pasipo mtu kuziona. Ongeza bafu lililowekwa ghorofani mahali pasipokuwa na bafu, na bomba linalovuja kwa miezi kwa sababu hakuna anayejua ni la nani. Siku moja sakafu inashuka.

Yule asiyejua bomba ni la nani ndiye kiini cha habari. Baada ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa na kupewa familia kutoka shamba na Pemba, mara nyingi familia kadhaa katika nyumba moja, kwa kodi ndogo sana. Ilikuwa haki kwa waliokosa pa kulala. Lakini kodi ile haikutosha kununua hata chokaa, na mpangaji wa serikali hana sababu ya kutengeneza paa la serikali. Nyumba za wakfu nazo zikabaki na kodi za kale. Ulipofika uhuru wa biashara katikati ya miaka ya 1980, nyumba nyingi ziliuzwa au kukodishwa kwa muda mrefu, na aliyekuwa na fedha za kutengeneza ukuta wa matumbawe inavyopaswa alikuwa mwenye hoteli.

Kwa hiyo tumefika pahala pa ajabu: hoteli ndiyo iliyookoa kuta, na hoteli hiyo hiyo ndiyo inayoutoa mtaa ndani ya kuta. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000. Kila nyumba inayogeuzwa kuwa vyumba vya wageni inaondoka na watoto wa madrasa, muuza maziwa wa asubuhi, na mteja wa duka la kona, na badala yake linafunguliwa duka la tano la vinyago vile vile. Bado pana mahali kama Jaws Corner, ambapo wazee na vijana wanakunywa kahawa chungu kwenye vikombe visivyo na mkono, wanapiga dhumna na kugombana siasa. Mgeni anawapiga picha. Hakuna kifungu cha sheria ya uhifadhi kinachomlinda mnywa kahawa. Kinacholindwa ni benchi lake.

Naye mwenye mali mkubwa kuliko wote, dola yenyewe, hakufanya vizuri zaidi. Beit al-Ajaib, kasri ya Sultan Barghash iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa jengo lililotajwa katika kila waraka wa uhifadhi. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati ikikarabatiwa kwa fedha za Oman, sehemu kubwa ya mbele na mnara wake viliporomoka, na watu wawili waliokuwa kazini walifariki. Dalili zilikuwepo kwa miaka mingi. Jengo halikukosa sheria wala sifa. Lilikosa mtu ambaye kazi yake, mwaka hadi mwaka, ilikuwa kupanda juu na kuziba paa.

Ipo namna nyingine ya kukua, na hatuhitaji kwenda Amsterdam kuitafuta. Iko Lamu.

Katika mtaa wa Mkomani, desturi ilikuwa baba kumpa binti nyumba anapoolewa. Binti anabaki karibu na mama yake. Mume ndiye anayehamia. Ardhi ya kando ikiwa imekwisha, baba hujenga juu ya nyumba yake, au huvuka kichochoro kwa wikio, yaani chumba kinachokaa kama daraja juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili za ukoo mmoja. Wapita njia wanapita chini yake kivulini, punda na mizigo yake pia. Hivyo mji ulipanda juu na kubanana kwa vizazi, bila mpangaji, na ukatoka mzuri kiasi kwamba Usam Ghaidan alianza kuuchora katika miaka ya 1970 na UNESCO ikautia kwenye orodha yake mwaka 2001.

Wenye mapenzi na Lamu husifu uzuri wa wikio. Mimi hunivutia masharti yake. Huwezi kuvuka njia bila jirani wa pili kukubali ukuta wake ubebe boriti zako. Dirisha lako halifunguki kwenye ua wa mwenzio. Mlango hautazamani na mlango. Punda aliyebeba lazima apite. Masharti hayo yalitokana na msingi wa fiqhi unaomkataza mtu kumdhuru jirani katika kuitumia mali yake, na yalisimamiwa na watu waliokutana msikitini mara tano kwa siku. Haki ya kujenga ilikuja pamoja na wajibu wake, kwa mtu yule yule. Ndiyo maana mji ulikua na bado ukabaki Lamu.

Nisiitukuze sana. Desturi ile ilikuwa ya waungwana wa nyumba za mawe. Watu wa Langoni, kwenye nyumba za udongo na makuti, walikuwa na hesabu nyingine, na watumwa hawakuwa na hesabu yoyote. Tena nayo Lamu leo inauzwa. Kijiji cha Shela kimejaa nyumba za Wazungu, na kijana wa pale akitaka kuoa anatafuta pa kukaa mbali na kwao.

Lakini Lamu ilifundisha jambo jingine kuhusu ukuaji mkubwa, ule unaotoka nje na una jina la herufi kubwa. Bandari ya LAPSSET ilizinduliwa mwaka 2012, na gati lake la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, ikisema wazi kwamba haki zao, zikiwemo za utamaduni, zilivunjwa. Mwaka uliofuata baraza la rufaa la mazingira likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika. Watu waliitwa, wakakaa kwenye viti, wakasikilizishwa. Baraza likaona kwamba kumwita mtu kabla hujamwonesha tathmini ya athari si kumshirikisha. Ningependa hukumu hiyo ibandikwe ukutani katika kila ofisi ya mipango kutoka Mombasa hadi Mtwara, maana mikutano ya namna ile tunaijua sote, na posho yake tunaijua.

Turudi Unguja, kwa sababu Unguja nayo ilijaribu kitu cha heshima. UNESCO ilipotoa mapendekezo yake ya mwaka 2011 kwamba mji wa kihistoria utazamwe wote, mandhari, watu na desturi zake, bila kuishia kwenye majengo mashuhuri, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kulijaribu wazo hilo. Ukazaliwa mradi wa Ng'ambo Tuitakayo. Maafisa na wanafunzi walizunguka mitaani wakiuliza watu wanathamini nini. Orodha iliyopatikana isingetoka katika kalamu ya Lanchester: miembe iliyoipa majina mitaa ya Mwembetanga, Mwembeladu na Mwembeshauri, viwanja vya mpira, sinema za zamani, mabaraza, maskani, mahali pa ngoma. Kazi hiyo ilitoka pia kama kitabu, atlasi ya Ng'ambo, mwaka 2019. Kwa mara ya kwanza upande wa pili wa mkondo uliandikwa kama urithi.

Naiheshimu kazi ile, na ndiyo maana nina lawama nayo. Iliuliza watu wanapenda nini. Haikufika mbali katika kuuliza nani anamiliki wanachokipenda. Mwembe uko kwenye kiwanja cha mtu. Baraza ni la nyumba yenye warithi kumi na wanne. Mwekezaji anapokuja, hamwendei mpenda baraza, anamwendea mrithi mwenye njaa zaidi. Angalia yaliyotokea Kariakoo ya Dar es Salaam: mtandao wa mitaa uliopangwa tangu enzi za Wajerumani umebaki ule ule, viwanja ni vile vile vidogo, lakini nyumba za vyumba sita zimepisha majengo ya ghorofa nane na kumi. Mara nyingi mwenye kiwanja aliingia ubia na mwenye fedha, akapata ghorofa yake au vyumba vyake. Alipata faida, na simlaumu. Ila ua ulikwenda, mpangaji wa chumba alikwenda, na hakuna aliyemuuliza mwenye jengo maji machafu ya watu mia mbili yatapita bomba gani.

Huko Fumba, kusini mwa mji, tangu mwaka 2015 unajengwa mji mpya wa kisasa wenye njia, bustani na mitaro iliyopangwa kabla ya nyumba. Fumba ndiko alikozaliwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, aliyehamia mjini mwaka 1911 hivi akiwa muuza vyungu, na ni Ng'ambo iliyompokea, ikampa pa kukaa na hadhira ya kwanza. Kinachouzwa Fumba leo kimepangwa vizuri, hilo nalikiri. Mfinyanzi wa leo hana bei yake.

Ningepewa nafasi ya kushauri mpango unaofuata, nisingeanza na mchoro. Ningeanza na eka tatu: ziruhusiwe kukatwa kisheria, kwa sharti kwamba kabla ya kipande cha kwanza kuuzwa, wenye shamba waache njia na mfereji, na kila mnunuzi apate hati inayotambulika. Mwenye shamba atapoteza sehemu ya ardhi na kupata bei nzuri zaidi kwa iliyobaki, kwa sababu kiwanja chenye barabara na hati si sawa na kiwanja cha karatasi ya sheha. Wapo watakaosema hiyo ni kuhalalisha uvunjaji sheria. Uvunjaji huo una miaka zaidi ya thelathini. Tunachojadili ni kama utaendelea na mitaro au bila mitaro.

Ng'ambo ya kati ningeiruhusu ipande hadi ghorofa mbili au tatu, mwenye nyumba akijenga mwenyewe, kwa sharti la kubakiza ua na baraza na kutomfungulia jirani dirisha. Hilo halihitaji mtaalamu kutoka nje. Linahitaji fundi wa halmashauri anayepita mtaani na kuonekana. Na Mji Mkongwe ningetenga sehemu ya tozo wanazolipa wageni, iende moja kwa moja kwenye paa na mabomba ya nyumba zinazokaliwa na familia, kwa chokaa na kwa mafundi wanaojua chokaa, kabla ya senti moja kutumika kwenye taa za mapambo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mirathi, na hapo sina jawabu zuri kama ninavyotaka. Chukua nyumba ya Vikokotoni au ya Malindi ambayo mwenyewe alifariki mwaka 1975. Mali haikugawiwa, kwa sababu kugawa nyumba ya babu ni kama kumzika mara ya pili. Leo warithi wapo Unguja, wapo Muscat na Dubai, wapo Uingereza, wapo Canada. Kila mmoja ana fungu lake dogo lililo halali kabisa kwa sharia. Anayekaa ndani ni mjukuu mmoja na watoto wake, na akitengeneza paa anatengeneza mali ya watu thelathini kwa fedha zake, bila uhakika kwamba kesho hawatamwambia atoke. Kwa hiyo hatengenezi, nao hawatumi. Kisha mmoja wao anauza fungu lake kwa mwekezaji, na mwekezaji mwenye fungu moja ana subira ambayo warithi hawana. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inao uzoefu wa kushika mali kwa niaba ya wengi, na ingeweza kupewa nguvu ya kuzisimamia nyumba kama hizi: ikusanye kodi, itengeneze, igawe kinachobaki, na impe anayekaa ndani haki inayoandikika. Lakini kwanza italazimika kuwaonesha wanaoishi katika nyumba zake yenyewe kwamba paa zao hazivuji.